KABULE ZA VESPA: ZITAZAME MBELE YA KUTEREMKA TCHOMIA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani unayesoma ukurasa huu,

Somo letu la leo halihusu kofia ya chuma wala vumbi la mgodini. Linahusu chombo kinachokaa nje ya nyumba, kimefunikwa gunia, kinachotoka siku ya mapumziko: Vespa ya zamani, ile ya baba au ya mjomba, ambayo bado inatembea. Na katika Vespa hiyo tutatazama kitu kimoja tu, nacho ni kabule.

Utauliza: munganga wa dispanseri anatafuta nini katika kazi ya makanika? Jibu ni fupi. Kabule ikikatika nyumbani, ni kazi ya nusu saa. Ikikatika kwenye mteremko, ni kazi yetu sisi wa dispanseri, na si ya nusu saa. Mfupa wa paja wa mtu mzima ukivunjika, mara nyingi anakaa miezi 3 na zaidi mbele ya kurudi kazini. Kwa muda huo wote bibi na watoto wanangoja.

NJIA YENYEWE

Wengi wetu tunaijua njia ya Tchomia. Mtu anatoka Bunia, anapita Bogoro, anateremka Kasenyi, kisha anafuata upande wa ziwa mpaka Tchomia. Ni karibu kilometa 60. Anakwenda kutazama wazee, au kununua samaki wabichi na makayabo.

Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200. Ziwa Albert liko karibu mita 620. Kwa hiyo, kati ya Bunia na ziwa, unashuka zaidi ya mita 600, na sehemu kubwa ya kushuka huko iko baada ya Bogoro, mahali ambapo nchi ya juu inaisha na bonde linaanza. Katika mteremko huo mtu hana kitu cha kumshika ila injini yake na fureni zake. Na fureni za Vespa ya zamani zinavutwa na kabule, hakuna kingine.

Wako watu wanaozima injini kwenye mteremko ili wasimalize esansi. Ndugu, usifanye hivyo. Ukizima injini umetupa msaada mmoja, na mzigo wote unabaki juu ya kabule 2 tu. Esansi uliyookoa haifiki hata bei ya kabule moja.

KABULE NI NINI?

Weka mkono wako wa kuume juu ya mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja. Sasa kunja na kunjua vidole vya mkono wa kushoto. Unasikia kitu kinacheza chini ya ngozi. Nyama inayovuta vidole haiko kwenye vidole vyenyewe; iko huku juu. Inavuta kwa njia ya kano, yaani kamba ngumu zinazopita ndani ya ala mpaka kwenye kidole. Ala ikivimba, kano haitembei vizuri, na kidole kinakwama. Kano ikikatika, kidole hakikunji tena, hata nyama iwe na nguvu namna gani.

Kabule ya Vespa ni hivyo hivyo. Ndani kuna nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja. Nje kuna ala, ambayo ni chuma kilichozungushwa kama springi na kufunikwa plastiki. Ala inakaa mahali pake, kabule ya ndani inavutwa. Namna hii ya kabule iliandikishwa Uingereza mwaka 1896 na Ernest Bowden, na katika nchi nyingi mafundi wanaiita kwa jina lake mpaka leo. Vespa yenyewe ilizaliwa Pontedera, Italia, mwaka 1946, katika kampuni ya Piaggio. Baadaye Bajaj wa Uhindi walitengeneza skuta za mfano huo, na ile yao iitwayo Chetak ilianza mwaka 1972. Yote tunayosema hapa yanafaa hata kwa Chetak za zamani.

HESABU KABULE ZAKO

Simama mbele ya Vespa yako, uhesabu:

1. Kabule ya fureni ya mbele. Inatoka kwenye manete ya mkono wa kuume.
2. Kabule ya fureni ya nyuma. Inatoka kwenye pedali ya mguu, inapita chini mpaka kwenye gurudumu la nyuma.
3. Kabule ya ambreyaji. Inatoka kwenye manete ya mkono wa kushoto mpaka chini ya injini.
4. Kabule 2 za vitesi. Zinatoka pale unapozungusha mkono wa kushoto. Moja inavuta kwa kupandisha vitesi, nyingine kwa kuishusha.
5. Kabule ya gazi. Inatoka kwenye mkono wa kuume mpaka kwenye karbirateri. Ni nyembamba kuliko zingine.

Kuna pia ile ya kuwashia injini wakati wa baridi, na ile ya saa ya mwendo. Hizo zikikatika unaweza kufika nyumbani. Zile za kwanza zikikatika, si hakika.

DALILI ZA KABULE INAYOTAKA KUKATIKA

Mgodini hatungojei kamba ya chuma ya winchi ikatike ndipo tuibadilishe. Kuna mtu wa kuitazama. Anatafuta nyuzi zilizokatika, kutu, na mahali palipokonda. Akiziona, kamba inaondolewa, hata kama bado inavuta mzigo. Sheria hiyo uipeleke nyumbani kwako. Kabule haikatiki yote kwa ghafula. Inakatika uzi mmoja mmoja, na kila uzi ni barua inayokuarifu.

Dalili ni hizi:

- Manete imekuwa ngumu, au inarudi polepole.
- Unasikia kabule inakwaruza ndani ya ala.
- Unarekebisha fureni leo, na baada ya siku chache imelegea tena, ingawa viatu vya fureni havijaisha. Kabule inarefuka kwa sababu nyuzi zinakatika.
- Unaona uzi mmoja umesimama kama mwiba, karibu na kichwa cha kabule au karibu na boloni inayoibana.
- Plastiki ya ala imepasuka na kutu inaonekana.

Mahali pa kutazama zaidi ni kwenye ncha zote mbili, maana hapo kabule inakunjwa kila mara. Na kama unabeba makayabo, tazama pia chini ya injini. Maji ya chumvi yanayodondoka kutoka kwenye mzigo yanaanguka nyuma, palipo kabule ya fureni, ya ambreyaji na za vitesi. Chumvi inakula chuma haraka. Funga samaki ndani ya plastiki nzima, na ukifika nyumbani osha sehemu hizo kwa maji safi, ukaushe.

Ukiona uzi mmoja umekatika, badilisha kabule. Usiifunge kwa waya, usiifanyie fundo, usingoje mwisho wa mwezi.

NAMNA YA KUBADILISHA

Tayarisha kabule mpya yenye kichwa sawa na cha zamani na unene ule ule, funguo za boloni, turunavisi, pensi kali, gresi kidogo na kitambaa. Chagua mahali pa wazi penye ardhi sawa. Zima injini, funga bomba la esansi, weka mawe kwenye magurudumu. Usivute sigara. Watoto wakae mbali. Kazi ya kuwasha injini isifanywe ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa sababu moshi wake una gazi isiyo na harufu inayoweza kuua.

Tuanze na kabule ya ambreyaji, kwani ukiijua hiyo umezijua zingine.

1. Kumbuka njia yake. Tazama kabule inapita wapi. Ukiwa na simu, piga picha. Kama huna, chora kwenye karatasi.

2. Legeza chini. Chini ya injini kuna kipande kidogo chenye boloni kinachobana kabule. Shika kipande kwa ufunguo mmoja na ufungue boloni kwa ufunguo mwingine, kisije kikazunguka na kukata nyuzi.

3. Vuta juu. Fungua manete kwenye gidoni, toa kichwa cha kabule, uvute kabule ya ndani yote. Ipitishe juu ya kitambaa, si ndani ya kiganja kitupu. Hesabu kama imetoka nzima. Kipande kikibaki ndani ya ala kitaikwaruza kabule mpya.

4. Pima ala. Ikiwa ala haijapasuka wala kukunjika, unaweza kuiacha. Ikiwa imeharibika, usiichomoe hivi hivi! Funga kwanza waya mrefu kwenye ncha yake. Unapoivuta ala ya zamani, waya unafuata na kubaki ndani ya mwili wa Vespa. Kisha funga ala mpya kwenye waya huo, uvute taratibu huku mtu mwingine akiisukuma upande wa pili. Bila waya huo utatafuta njia mpaka jioni.

5. Ingiza kabule mpya. Ipake gresi nyembamba. Isukume kutoka juu, ukiizungusha upande ule ule nyuzi zilivyosokotwa, ili zisifumuke. Ikikwama, usilazimishe, irudishe kidogo, ujaribu tena. Kama ala yako ina plastiki laini ndani, gresi nzito haifai. Tone la mafuta mepesi linatosha.

6. Bana. Rudisha kichwa kwenye manete na manete mahali pake. Hakikisha kila ncha ya ala imekaa vizuri ndani ya shimo lake. Mbele ya kubana, zungusha skrubu ya kurekebishia ndani karibu yote, upate nafasi ya kuikaza baadaye. Vuta kabule kwa pensi, ukaze boloni.

7. Kata. Usikate mbele ya kujaribu. Vuta manete kwa nguvu mara 20. Kama kabule haijateleza kwenye boloni, ndipo ukate, ukiacha karibu sentimeta 3. Funika ncha kwa kifuniko chake ili nyuzi zisifumuke.

KUREKEBISHA

Ambreyaji: manete iwe na mchezo wa milimeta 2 hivi mbele ya kuanza kuvuta. Bila mchezo huo ambreyaji inateleza na kuungua. Mchezo ukizidi, vitesi zinaingia kwa shida.

Fureni: inua gurudumu. Kaza skrubu mpaka gurudumu lianze kusugua, kisha ilegeze mpaka lizunguke bila kuzuiliwa. Vuta fureni: gurudumu lisimame imara, na manete isifike kugusa gidoni. Fanya hivyo mbele na nyuma.

Gazi: acha mchezo mdogo sana. Washa injini, iache inguruma polepole, kisha geuza gidoni mpaka mwisho kuume na kushoto. Sauti ikipanda peke yake, kabule ni fupi au imekunjwa. Usipande Vespa hiyo. Ukigeuza kona, itakukimbiza.

Vitesi: badilisha kabule moja kwanza, umalize, ndipo ushike ya pili. Funga uzi mwekundu kwenye moja wapo usije ukazibadilisha mahali. Alama iliyo kwenye gidoni iwe sawa kabisa na injini inapokuwa bila vitesi, na kabule zote 2 zisiwe na ulegevu.

Ukimaliza yote, jaribu mahali tambarare, polepole, bila abiria. Baada ya siku ya kwanza rekebisha tena, maana kabule mpya inajikalisha na kulegea kidogo. Ndiyo sababu hatuiwekei kabule mpya Vespa asubuhi ya safari. Iweke siku 2 au 3 mbele ya safari, uizungushe mjini kwanza.

NA WENYE BOXER NA TVS?

Leo njia imejaa pikipiki za namna hiyo, na wamotari wanabeba samaki kutoka Tchomia mpaka Bunia juu yake. Kabule zao ni chache: mara nyingi ni gazi, ambreyaji na fureni ya mbele. Fureni ya nyuma kwa kawaida inavutwa na fimbo ya chuma. Lakini somo ni lile lile. Na kwenye mteremko uzito wote unasogea mbele, kwa hiyo fureni ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa. Yule anayetembea na kabule ya mbele iliyokatika, akisema ya nyuma inatosha, ameacha nyumbani fureni iliyo bora.

KUTEREMKA BAADA YA BOGORO

Simama mbele ya kushuka. Vuta kila manete, kanyaga pedali, tazama chini. Dakika 2 zinatosha.

Kisha teremka na injini inanguruma, katika vitesi ya pili, au ya kwanza palipo pakali. Tumia fureni zote 2, kwa vipindi vifupi: vuta, achia, vuta tena. Ukiishikilia bila kuachia, fureni inapata moto na kupoteza nguvu. Kwa Vespa za zamani kuna neno moja zaidi. Injini yao inapata mafuta pamoja na esansi, kwa hiyo ukifunga gazi kwa muda mrefu injini inakauka. Mara kwa mara vuta ambreyaji, toa gazi kidogo, kisha achia ambreyaji polepole.

Kama kabule ya fureni inakatika pale pale, usizime injini na usivute ambreyaji. Funga gazi, tumia fureni iliyobaki, shusha vitesi moja moja. Jiweke upande wa mlima, si upande wa shimo. Ukisimama, usiendelee. Sukuma Vespa kwa miguu.

KIDONDA CHA UZI

Uzi wa kabule unaingia kwenye kidole kama sindano. Kidonda ni kidogo, tena hakitoi damu nyingi. Ndiyo maana watu wanakidharau. Lakini kidonda chembamba chenye kutu na udongo ndicho mahali ambapo pepopunda inapenda kuingia.

Fanya hivi: nawa kwa maji safi na sabuni kwa dakika kadhaa, funika kwa kitambaa safi, njoo dispanseri siku ile ile. Tutatazama karatasi yako ya sindano za pepopunda. Usitie esansi, wala gresi, wala maji ya betri, wala majivu. Kidole kikivimba, kikiwa na moto, au kikikataa kukunjika, usilale nyumbani. Ala ya kano inaweza kuwa imeingiliwa na uchafu, na saa chache zina maana kubwa.

Unapokata kabule, vaa miwani ya kazi. Kipande kinaruka, na jicho halina kipuri. Vipande vyote uviweke ndani ya kopo, ulifunge, usivitupe uani ambapo watoto wanatembea bila viatu.

NENO KWA AKINA MAMA

Mama, wewe ndiwe unayekaa nyuma, pengine na mtoto mgongoni. Una haki ya kuuliza mbele ya kupanda: «Baba fulani, umetazama kabule?» Si kumkosea heshima. Mgodini hata mkubwa wa kazi anaulizwa kama kamba imetazamwa, naye anajibu. Kama jibu ni «tutatengeneza tukirudi», samaki wangoje. Ziwa halihami.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tunabadilisha kabule wakati uzi mmoja tu umekatika?
2. Ni kitu gani unakifunga kwenye ala ya zamani mbele ya kuichomoa?
3. Unageuza gidoni kuume na kushoto injini ikinguruma. Unasikiliza nini?
4. Kwa nini hatuzimi injini kwenye mteremko?
5. Uzi umekuchoma kidole. Unafanya nini kwanza, na usitie nini?

Soma maswali haya pamoja na watoto wakubwa wa nyumbani. Anayeshindwa kujibu arudi juu asome tena. Kisha toeni gunia, mwitazame Vespa pamoja, kuanzia kwenye manete mpaka chini ya injini.

Safari njema, na fureni nzuri.